Jinsi ya kupeleka vitu vya bethdei darasani bila kurudishwa getini

Mtoto ameshaanza kuhesabu siku, kila asubuhi anakukumbusha, na wewe kichwani tayari unaiona keki. Subiri kidogo. Wazazi wengi tunaanza na keki halafu ndo tunauliza shule inasemaje, na hapo ndo ugomvi unapoanzia, maana kitu kikishanunuliwa kila sheria inaonekana ya kijinga. Geuza mpangilio: anza na sheria, halafu watoto waliomo darasani, halafu ndo uje kwenye chakula, kama chakula chenyewe kitakuwepo. Mwongozo huu unakwenda hivyo hivyo, na ni wa madarasa ya wadogo hasa, chekechea mpaka msingi, huko juu wenyewe hawataki hata kuona mama kasimama mlangoni na boksi.

Hatua ya 1: Tafuta kilichoandikwa

Usianze kwa kumuuliza mzazi mwenzio, anza na karatasi. Kile kijitabu ulichopewa siku ya kumwandikisha mtoto, tovuti ya shule kama ipo, na zile barua za mwanzo wa muhula zilizojikunja chini ya begi. Usitafute neno bethdei peke yake kwa sababu mara nyingi sheria yenyewe imejificha kwenye kipengele cha afya, au lishe, au aleji, au "vyakula kutoka nje". Ukisoma utakuta shule yako imeangukia kwenye mojawapo ya hizi:

- Chakula hakiingii kabisa kwa ajili ya bethdei. Penseli, stika na vitu vya namna hiyo ni sawa.
- Chakula kinaingia ila kiwe cha dukani, kimefungwa, kina lebo. Cha kupika nyumbani hapana.
- Kuna siku moja kwa mwezi ya bethdei zote za mwezi huo, mnachangia au shule inaandaa.
- Hakuna kilichoandikwa, mwalimu wa darasa ndo anaamua.

Hiyo ya mwisho watu wanaisoma kama "ruhusa". Siyo ruhusa, ni kwamba jibu liko kwa mwalimu, na bado hujamuuliza.

Kitu kingine, darasa linaweza kuwa na masharti makali kuliko shule. Shule inaruhusu biskuti zenye karanga lakini darasa la mwanao haliruhusu, kwa kuwa kuna mtoto humo ndani ambaye karanga zinaweza kumuua. Na sheria ya mwaka jana siyo ya mwaka huu, watoto wanahama, wapya wanaingia, darasa lililokuwa halina aleji sasa linazo mbili. Kwa hiyo ile hoja ya "mbona kaka yake tulimpelekea keki na hakuna aliyesema kitu" iache nyumbani.

Usishangae pia ukisikia shule ya jirani inaruhusu kitu ambacho yenu imekataza. Hata nchi zenye sheria za kitaifa za lishe shuleni zinaacha nafasi kubwa hapa. Marekani kwa mfano, kanuni ya serikali ya 2016 inazitaka shule zilizo kwenye mpango wa chakula wa taifa ziwe na utaratibu wa maandishi kuhusu vyakula vinavyogawiwa bila kuuzwa, bethdei zikiwemo, lakini utaratibu huo useme nini wameachiwa watu wa kule kule waamue. Ndo maana unakuta shule mbili za mtaa mmoja kila moja na lake.

Hatua ya 2: Muulize mwalimu, na umuulize mapema

Wiki moja kabla ndo kiwango cha chini, mbili ni bora. Siyo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na umtumie yeye binafsi, siyo kwenye grupu la wazazi, kwa sababu kwenye grupu watajibu watu kumi na mmoja kabla yake, kila mtu na la kwake, halafu mwalimu akija kusema hapana anaonekana ndo mbaya.

Meseji isiwe ndefu. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za leo mwalimu. Mimi ni mama Fulani, wa darasa lako. Bethdei yake ni Alhamisi ya wiki ijayo na angependa kusherehekea kidogo na wenzake kama utaratibu unaruhusu. Naomba kujua kama tunaweza kuleta chakula au ni vitu visivyo vya kula tu, darasani mko wangapi, kuna vyakula gani vya kuepuka, na ni saa ngapi haitawavurugia vipindi. Kabla sijanunua nitakutumia picha ya lebo uione. Asante sana mwalimu."

Hiyo sentensi ya lebo ndo inayofungua mlango, inamwambia mwalimu kwamba unaelewa mzigo utakuwa wa kwake likitokea jambo.

Idadi uliza vizuri. Uliza na wale wanaoingia darasani kwa vipindi vichache tu, na mwalimu msaidizi, halafu uongeze viwili vitatu juu. Hakuna kitu kibaya kama vitu ishirini na tisa kwa watoto thelathini.

Halafu hapa watu wanakosea sana: mwalimu akikwambia "kuna mtoto mwenye aleji ya mayai" usimuulize ni nani. Taarifa za afya za mtoto wa mtu siyo za kugawa, na wewe hazikusaidii chochote, unachohitaji kujua ni chakula gani kisije. Ukishajua mayai, inatosha. Kama mzazi wa huyo mtoto mwenyewe ni mtu mnayeongea na ameshakwambia, hapo sawa, mpigie, atakuambia mpaka aina ya biskuti ambayo mtoto wake anakula bila shida, na huenda ndo ukawapa darasa zima hizo hizo.

Hatua ya 3: Elewa mwalimu anaogopa nini

Hatua hii haina cha kununua lakini ukiiruka zote zinazofuata utaziona ni usumbufu tu.

Aleji ya chakula siyo mtoto kudeka au kuchagua chagua. Mwili wake unaiona protini fulani ya chakula kama adui, na unajibu kwa nguvu kupita kiasi. Inaweza kuanza ndani ya dakika chache: vipele, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, koo kubana, kupumua kwa shida, presha kushuka mpaka anazimia. Ikifika huko dawa yake ni sindano ya adrenalini, inachomwa kwenye paja upande wa nje, na inachomwa mapema, huku mtu mwingine anapiga simu ya dharura. Zile dawa za kawaida za aleji za kumeza zinapunguza muwasho na vipele lakini hazizuii koo kuziba. Na kiasi kinachohitajika kinaweza kuwa kidogo mno, kwa hiyo ile kauli ya "aonje kidogo tu, hakitamfanya kitu" isisikike darasani hata siku moja.

Sasa fikiria mwalimu mmoja, watoto thelathini, kila mmoja na kapkeki, krimu iko mezani, kwenye viti, kwenye vitasa vya mlango. Jeli ya kusafishia mikono haisaidii hapo, inaua vijidudu lakini protini ya karanga inabaki mkononi ilivyo, kinachoiondoa ni maji na sabuni au tishu zenye maji. Mwalimu analijua hilo. Ndo anasema bora kisije.

Aleji siyo sababu pekee. Kuna mtoto mwenye siliaki, yule ambaye gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), inamharibu utumbo, hatazimia darasani lakini ataumwa siku kadhaa na wewe hutajua kamwe kwamba ni biskuti yako. Kuna mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kwa kweli anaweza kula keki kama wengine, ila mtu lazima ajue ina wanga gramu ngapi ili insulini ipigwe kiasi sahihi, na keki isiyo na lebo haisemi. Huyu wa kisukari usimwamulie, usimletee kitu chake cha peke yake "kisicho na sukari" bila kuombwa, wazazi wake ndo wanajua.

Halafu kuna hesabu tu ya kawaida. Darasa la watoto thelathini, bethdei thelathini kwa mwaka, ongeza sikukuu na kufunga shule. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo ya 5 kwa mtu mzima ni karibu gramu 25, na mtoto anahitaji nishati ndogo kuliko mtu mzima kwa hiyo cha kwake ni kidogo zaidi. Kapkeki moja yenye krimu ya kutosha inaweza kuimaliza yote. Sisemi mtoto asile keki siku yake, ale, lakini anayekula keki thelathini siyo mwanao peke yake, ni kila mtoto wa lile darasa.

Hatua ya 4: Soma lebo, na usome upya kila unaponunua

Kama umeruhusiwa kuleta cha dukani, hapa ndo kazi ilipo.

Orodha za vyakula vya aleji ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwenye lebo zinatofautiana nchi na nchi. Marekani wana tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, jamii ya lozi na korosho, ngano, soya na ufuta. Ufuta umeanza kulazimika kuandikwa 1 Januari 2023, kabla ya hapo ungeweza kujificha. Umoja wa Ulaya wana 14, wanaongeza vitu kama haradali, selari, lupini na salfaiti. Kwa hiyo biskuti iliyotoka nje inaweza kuwa na kitu ambacho kwao hakilazimiki kutajwa kwa herufi nene, ni kusoma orodha nzima mpaka mwisho, siyo kuangalia tu ule mstari wa chini unaotaja vya aleji.

Majina pia yanapotosha. Kaseini ni maziwa. Albumini ya kwenye keki na peremende mara nyingi ni yai. Tahini ni ufuta. Marzipani ni lozi. Jelatini kwenye zile pipi laini za kutafuna inatokana na mnyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, na hapo unagusa Waislamu, Wayahudi, Wahindu wengi na wasiokula nyama wote kwa mkupuo. Kama hujui jelatini ni ya nini, acha hiyo pipi, zipo za pektini ambayo inatokana na matunda.

Na ile sentensi ya "inaweza kuwa na chembe za karanga"? Kwanza iheshimu, usiseme kampuni zinajikinga tu. Pili, na hii wengi hawaijui, nchi nyingi hazilazimishi kuiandika. Maana yake pakiti isiyo na hiyo sentensi haijathibitisha kwamba kiwandani karanga hazipiti. Darasa likiwa na aleji kali tafuta pakiti inayosema waziwazi kuwa kitu hicho hakimo, au mwache mwalimu na mzazi husika wachague wao.

Mambo mengine ya lebo, haraka haraka:

- Soma upya hata kama ni biskuti zile zile za siku zote. Viwanda hubadilisha viungo bila kupiga kelele, na pakiti ndogo ya kitu kile kile wakati mwingine inatengenezwa kwenye mashine nyingine.
- Nunua vilivyofungwa kimoja kimoja, lakini usitupe boksi la nje. Vile vidogo vya ndani mara nyingi havina orodha ya viungo, iko kwenye boksi tu. Peleka na boksi.
- Keki ya bekari iliyowekwa kwenye boksi jeupe na utepe, nzuri sana, haina lebo, na kwa shule nyingi inahesabika sawa na ya nyumbani. Omba orodha ya viungo kwa maandishi hapo hapo unapoagiza, na uulize kama kisu na meza ni zile zile za keki za karanga.
- Tarehe ya mwisho. Najua, lakini angalia.

Piga picha mbele na nyuma ya pakiti, mtumie mwalimu, subiri jibu, ndo ulipie. Kama uko dukani na hajajibu, nunua penseli.

Hatua ya 5: Chagua kitu ambacho mwalimu anaweza kukigawa kwa dakika tano

Mwalimu hana kisu, hana friji, na hana nusu saa. Keki kubwa ya kukata ina visahani, uma, makombo, na mtoto mmoja anayelia kwamba kipande chake hakina ua. Kitu kizuri ni kile anachokiweka mezani kwa kila mtoto, kimoja kimoja, sawa kwa wote, na rangi moja kama unaweza. Rangi moja! Ukileta za bluu na pinki umeleta vita.

Vyenye krimu ya maziwa, kastadi au chochote cha kukaa kwenye ubaridi viache. Chakula cha namna hiyo kikikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili kinaanza kuwa hatari, na wewe unakiacha shule asubuhi kikaliwe mchana.

Kwa wadogo wa chini ya miaka mitano angalia na kukabwa. Zabibu nzima, bisi, karanga nzima, pipi ngumu za mviringo, vyote hivyo vinaziba koo la mtoto vizuri sana. Zabibu zikate kwa urefu vipande vinne. Kama darasa ni la wadogo hivyo nadhani pipi ngumu usizifikirie kabisa, zibaki kwa wakubwa.

Matunda ni mazuri na shule nyingi zinayaruhusu hata pale zinapokataza keki, ila uliza kama yaje mazima au yaliyokatwa, maana shule inayokataza vya kuandaa nyumbani inaweza kuhesabu tunda lililokatwa jikoni kwako kama chakula cha nyumbani. Yenye ganda la kumenya kwa mkono yanaepuka huo mjadala.

Kipimo kiwe kidogo. Hiki ni kitafunio, siyo mlo, na kama kinagawiwa kabla ya chakula cha mchana wapishi wa shule watakukumbuka kwa ubaya.

Hatua ya 6: Kama umeruhusiwa kupika nyumbani

Ni wachache wanaoruhusiwa siku hizi lakini wapo. Andika viungo vyote, na "vyote" ni pamoja na siagi uliyopaka kwenye trei na zile rangi za kunyunyizia juu, bandika orodha kwenye chombo. Usiandike "haina karanga" kama jikoni kwako karanga zipo, andika ulichoweka, mwenye mtoto ataamua. Kijiko kilichotoka kwenye chupa ya siagi ya karanga kikaingia kwenye unga wa keki kinatosha kuharibu kila kitu.

Na kama nyumbani kuna mtu ametapika au kuharisha ndani ya saa 48 zilizopita, usipike. Badilisha mpango, hata kama umeshanunua mayai.

Hatua ya 7: Mishumaa na maputo

Mishumaa iulizie peke yake. Shule nyingi haziruhusu moto darasani, na kengele ya moto ikilia jengo zima linatoka nje, hutasahaulika. Kuna na ishu ya kupuliza. Watafiti wa chuo cha Clemson huko Marekani walilipima hilo wakachapisha 2017: kupuliza mishumaa kuliongeza bakteria juu ya krimu kwa asilimia 1,400 hivi kwa wastani. Wenyewe hawakusema watu wataugua ovyo, mate ya mtu mzima wa afya siyo sumu, lakini darasa la wadogo wenye makamasi muda wote ni habari nyingine. Njia rahisi ni mwenye siku apate kapkeki yake peke yake, aipulize hiyo, wengine wale zao. Au mshumaa wa betri. Au wamwimbie tu, mtoto wa miaka sita anachotaka hasa ni kuimbiwa.

Maputo ya mpira yaache. Kuna watu wenye aleji ya ule mpira, na kipande cha puto lililopasuka ni moja ya vitu vibaya kabisa kuingia kooni kwa mtoto, kinanata na hakitoki. Ya foili yana nafuu, ila hata hayo uliza.

Hatua ya 8: Visivyo vya kula

Kwa maoni yangu hii ingekuwa hatua ya 1 ya kila mtu, na siyo kwa sababu ya sheria. Chakula kinaisha dakika tano na nusu yake iko sakafuni. Stika anaenda nayo nyumbani.

Kuna za kugawa: penseli, vifutio, stika, kalamu za rangi, vijitabu vidogo vya kuchorea, mbegu za kupanda kwenye kikopo. Na kuna zisizogharimu kitu, ambazo watoto wanazipenda kuliko tunavyodhani: mwenye siku anachagua wimbo wa asubuhi, anakaa kiti cha mwalimu kipindi kimoja, anakuwa wa kwanza kwenye foleni, anachagua mchezo wa mapumziko, wenzake kila mmoja anamchorea ukurasa mmoja wanavibana pamoja kuwa kitabu. Au unanunua kitabu kimoja kwa ajili ya maktaba ya darasa, mnaandika jina lake na tarehe ukurasa wa mbele, wewe au yeye anakisoma siku hiyo. Kitabu kimoja kwa darasa zima, linganisha na mifuko thelathini ya zawadi. Mwaka mzima watoto wengine wanakishika na jina la mwanao limo.

Angalia tu mambo mawili. Visivyo vya kula navyo vinaweza kuwa na chakula ndani: unga laini wa kuchezea ule wa rangi mara nyingi umetengenezwa kwa ngano, krimu na mafuta ya midomo yanaweza kuwa na lozi au maziwa, kwa hiyo lebo inasomwa hata hapa. La pili, vidude vidogo vidogo kwa watoto wanaotia kila kitu mdomoni, hapana, na vile vyenye betri za duara kama kitufe hapana kabisa, mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache.

Na usianzishe mashindano. Ukileta mifuko yenye vitu saba saba, mzazi wa wiki ijayo ataona aibu kuleta penseli. Kitu kimoja kwa kila mtoto kinatosha, na utashukuriwa na wazazi ambao hawatakuambia.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Peleka ofisini au mahali ulipoambiwa, saa uliyoambiwa. Usimpe mtoto abebe, kwenye gari la shule ameshafungua. Andika juu ya boksi jina la mtoto, darasa, idadi na "picha ya lebo imetumwa kwa mwalimu". Weka na tishu zenye maji na mfuko wa taka. Watoto wanawe mikono kabla na baada, kwa sabuni.

Usiingie darasani kama hujaalikwa. Ukialikwa, usipige picha za watoto wa watu ukazipandisha mtandaoni, mpige wako, au uombe mwalimu apige ile ya darasa kwa utaratibu wa shule.

Waliobaki bila kula unawajua hata kama hujawaona: mwenye aleji ambaye mzazi wake ameleta kisanduku cha akiba kinachokaa kwa mwalimu, anayefunga kama ni Ramadhani, na yule ambaye familia yake haisherehekei bethdei kabisa, kama Mashahidi wa Yehova. Kwa anayefunga unaihamisha siku kirahisi, peleka wiki nyingine au kitu cha kwenda nacho nyumbani. Wa mwisho mwachie mwalimu, kwa kawaida ameshaongea na wazazi, wewe usimlazimishe mtoto apokee.

Mialiko ya sherehe ya nyumbani isigawiwe darasani isipokuwa umealika wote. Shule nyingi zimeandika hivyo, na hata kama yenu haijaandika fanya hivyo. Wachache unawaalika kwa simu za wazazi.

Mtoto aliyezaliwa wakati wa likizo naye apate yake: mwombe mwalimu tarehe ya karibu shule ikiwa wazi, au siku inayoangukia miezi sita baada ya bethdei yake. Wengine hawajui kwamba hilo linaombwa tu.

Kama mwenye aleji ni mwanao

Hapa kazi inageuka. Mwanzo wa mwaka mpe mwalimu orodha fupi ya vitu vilivyofungwa ambavyo mwanao anakula salama, ili awape wazazi wengine bila kutaja jina. Weka kisanduku cha akiba chenye vitu anavyovipenda kweli, siyo biskuti kavu aliyoichoka, na uulize kila muhula kama kimeisha au kimepitwa na tarehe. Hakikisha mpango wake wa dharura umeandikwa, sindano iko karibu na haijafungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyetoka. Na mfundishe yeye mwenyewe kusema "asante, nitakula cha kwangu", hata mtoto wa miaka minne anaweza kujifunza hiyo.

Ukiona sheria siyo ya haki

Inawezekana kweli siyo ya haki. Ila mwalimu wa darasa mara nyingi hakuitunga, amepewa aisimamie, kumgombeza asubuhi mlangoni mbele ya watoto hakubadilishi kitu. Andika kwa mwalimu mkuu au kamati ya wazazi, useme unachopendekeza badala yake, mfano siku moja ya mwezi kwa wote, au orodha ya vitu vitano vilivyokubaliwa. Pendekezo lenye mbadala linasomwa, malalamiko yanawekwa kwenye faili.

Na kama haya yote umeyasoma ukiwa tayari umesimama getini na boksi la kapkeki na mlinzi anakwambia hapana: usibishane, usimwachie mtoto boksi kwenye begi. Muulize mtu wa ofisini kama kuna kitu kinaruhusiwa papo hapo, hata kumwimbia tu. Mwambie mtoto ukweli kwa sentensi moja, kwamba keki zitaliwa jioni nyumbani na darasani leo ataimbiwa. Rudi na boksi, ziweke kwenye friji, na ukifika tu mtumie mwalimu ile meseji ya hatua ya 2, badilisha tarehe, muombe siku nyingine ndani ya wiki hiyo.